SUBIRA NA TIBA: Ni Lini Impasapo Mtu Kumwendea Tabibu wa Nafsi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi akateremsha na dawa yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad:

Liko suali moja ambalo wanaume wa Pwani huliuliza kwa sauti ya chini, barazani, baada ya sala ya Isha, wenzao wakiisha kutawanyika. Nalo ni hili: Mwislamu aliyeshikwa na dhiki ya moyo, au ambaye nyumba yake haina amani, je, yampasa asubiri na kumwomba Mola wake, basi, au yafaa amwendee mtu aliyesomea maradhi ya nafsi, akamfunulia yaliyo kifuani mwake, akatibiwa kwa mazungumzo? Na ikiwa yafaa, ni lini jambo hilo huwa ruhusa tu, na ni lini huwa wajibu?

Wako waliojibu upesi kwamba mwenye imani hana haja na tabibu wa namna hiyo. Wako na waliojibu upesi kwamba kila huzuni ni ugonjwa. Wote wawili wamekosea, na kosa la wa kwanza ndilo lililo karibu zaidi na watu wa Pwani. Kwa hiyo jambo hili lastahili kupimwa kwa kituo.

MFANO WA MTU WA HANETI

Haneti ni mji mdogo katika nyanda za kati za Tanzania, kaskazini ya mji wa Dodoma, katika wilaya ya Chamwino. Nchi ile ni ya Wagogo, nayo ni kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Disemba hata Aprili, na ikikosekana hiyo hapana ya pili. Watu hulima mtama, uwele, karanga na alizeti, wakafuga ng'ombe na mbuzi. Na katika vilima vyake hutoka jiwe la kijani la thamani ambalo wafanyabiashara hulifuata kutoka mbali.

Na uchukuliwe mfano wa mtu wa Pwani aliyehamia huko. Jina lake halina haja, kwani walio mfano wake ni wengi. Alitoka Pangani na mkewe na watoto watatu, akafungua duka la unga, sukari, mafuta na vitambaa. Miaka ya kwanza Mungu alimfungulia. Kisha ukaja mwaka wa mvua haba. Wakulima waliochukua vitu kwa mkopo hawakuwa na cha kulipa, na tajiri wa Dodoma aliyempa yeye bidhaa kwa mkopo hakuacha kudai.

Kwanza usingizi ulimtoka. Akawa hulala saa nne za usiku, akaamka saa nane, akahesabu madeni hata kukapambazuka. Na sala ya alfajiri ikawa humpita naye yu macho, hana nguvu ya kuinuka akatawadhe. Kisha chakula kikawa hakina ladha. Kisha ikaja hasira. Siku moja mtoto wake wa kati alimwaga mafuta dukani, akampiga hata jirani, mzee wa Kigogo, akavuka ua kuja kumshika mkono. Tangu siku hiyo watoto wakisikia viatu vyake mlangoni hunyamaza. Mkewe naye akaanza kutaja kwao.

Lau angalikuwa Pangani, ami zake na wajomba zake wangalijua kabla ya mwezi kwisha. Haneti hana ami wala mjomba. Na kila aliyemwuliza, "U hali gani, bwana?" alimjibu, "Alhamdulillahi." Neno hilo ni tukufu, na kumshukuru Mungu katika dhiki ni daraja ya juu. Lakini kwa mtu huyu lilikuwa limekwisha kugeuka komeo la mlango. Alilitia ili asiulizwe la pili. Naye moyoni mwake akiiita hali hiyo subira.

Basi hapo ndipo penye suali. Je, ile ni subira?

MAANA YA SUBIRA

Wanavyuoni wameeleza kwamba subira ni kuzuia: kuizuia nafsi isikate tamaa, kuuzuia ulimi usinung'unikie kadari ya Mungu, na kuvizuia viungo visitende la haramu. Kwa hiyo subira ni kazi, na kila kazi huhitaji nguvu. Asiyefanya lolote kwa sababu hana tena uwezo wa kufanya, huyo hajasubiri, ameanguka.

Katika Kurani, Sura ya Yusuf, zimo khabari za Nabii Yaaqub, amani imshukie, aliyefiwa na macho yake kwa wingi wa huzuni ya mwanawe. Naye ndiye aliyesifika kwa subira njema. Kilio chake hakikuitangua subira yake, wala subira yake haikumzuia kutafuta. Kwani ni yeye yule aliyewaamrisha wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa na rehema ya Mungu. Machozi, dua na kutafuta vimekutana kwa mtu mmoja, naye ni Mtume.

Na Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba Mungu hakuweka maradhi ila aliyawekea dawa, isipokuwa uzee. Alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na hamu na huzuni, akavitaja viwili hivyo pamoja na kushindwa, uvivu na uzito wa deni. Kana kwamba yule mtu wa Haneti ametajwa hali yake yote katika dua moja. Na yapokewa kwa Bibi Aisha kwamba uji wa shayiri uitwao talbina humpumzisha mgonjwa moyo na kumwondolea baadhi ya huzuni. Hapa ni huzuni yenyewe iliyoagiziwa kitu cha kuitibu, wala haikusemwa kwamba dua inatosha na uji ni upungufu wa imani. Na aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga, akidai kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Nchi ya Ugogo yenyewe yaifahamu maana hii. Kati ya mwaka 1917 na 1920 ilipatwa na njaa kubwa ambayo wazee waliiita Mtunya. Vita vya Wazungu vilikuwa vimewanyang'anya watu nafaka, mifugo na vijana wa kazi, kisha mvua ikakosa. Waliookoka walisubiri, lakini hawakusubiri kwa kukaa. Waliuza ng'ombe wao kwa nafaka, wakahama, wakaenda mbali kutafuta kazi na chakula kwa majirani. Hapana aliyewaambia kwamba kutembea kutafuta mtama ni upungufu wa subira.

Basi kipimo ni hiki. Mtu na ajiulize: nafsi yangu imezuilika na haramu, au imezuilika na wajibu? Mwenye subira huzuilika na haramu. Yule wa Haneti alikuwa amezuilika na sala yake, na kazi yake, na huruma kwa watoto wake. Na mkono wake, ambao ndio uliopasa kuzuiliwa, haukuzuilika. Hiyo si subira, ni kushindwa kulikovaa kanzu ya subira.

ELIMU HII SI NGENI KWA WAISLAMU

Wako wadhanio kwamba kutibu nafsi kwa maneno ni jambo lililozuliwa na Wazungu. Sivyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra, yaani 934 wa Miladi, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alieleza humo kwamba nafsi huugua kama mwili uuguavyo, na kwamba matabibu wa zama zake walikosea kwa kuushughulikia mwili peke yake. Akazitaja hasira, khofu, huzuni na wasiwasi, kila moja na tiba yake. Akaigawa huzuni mafungu mawili: iliyo na sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupata khasara, na isiyo na sababu ijulikanayo. Na akashauri kwamba kama vile mtu awekavyo dawa nyumbani kwa ajili ya mwili kabla hajaugua, na aweke mawazo mema akiba kwa ajili ya nafsi, na tena asikilize maneno ya mwingine amtuliza, kwani mtu peke yake huenda akashindwa na nafsi yake.

Na Imamu Ghazali mwenyewe, ambaye hapana Mwislamu atakayemshuku imani, katika mwaka 488 wa Hijra, yaani 1095, alishikwa na maradhi ya namna hii huko Baghdadi. Ulimi wake ulikataa kusomesha, akawa hawezi kumeza chakula, na matabibu wakasema kwamba asili ya ugonjwa i moyoni, na kutoka huko ndipo ulipoenea mwilini. Hakuyaficha hayo, aliyaandika katika kitabu alichosimulia safari ya maisha yake, ili wengine wanufaike.

Tena sultani Nuruddin alijenga hospitali kubwa Damaski mwaka 1154, na sultani Qalawun akajenga nyingine Misri mwaka 1284. Na katika hospitali kama hizo waliougua akili walitibiwa chini ya dari moja na waliovunjika mifupa. Aliyefanya maradhi ya nafsi kuwa aibu basi hakuipata aibu hiyo kwa wazee wa dini yake.

ALAMA ZINAZOONYESHA KUWA WAKATI UMEFIKA

Huzuni si ugonjwa kwa kuwa ni huzuni tu. Aliyefiwa hulia, na mwenye deni hukosa raha. Hao wanahitaji kuzungukwa na ndugu, si kupelekwa kwa tabibu. Tena ukubwa wa msiba si kipimo, kwani mmoja hubeba jabali na mwingine akalemewa na jiwe, wala hapana lawama kwake. Kipimo ni kile ambacho dhiki imemnyang'anya mtu katika wajibu wake. Alama zilizo wazi ni hizi:

Ya kwanza, muda. Ikiwa huzuni, au kutotamani chochote kilichokuwa kikimfurahisha, kumekaa naye karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi wala hakupungui, hiyo ni alama ambayo matabibu huitazama.

Ya pili, usingizi, chakula na kazi. Mtu akikosa usingizi usiku baada ya usiku, au akilala mchana kutwa. Akikonda bila ya ugonjwa ujulikanao. Au akishindwa na kazi aliyokuwa akiifanya bila ya taabu.

Ya tatu, ibada. Si uvivu wa siku moja, bali yule aliyekuwa akishika sala zake, kisha akaona mwili na moyo vimekataa, naye akiumia kwa kukosa. Huyu asihukumiwe haraka kuwa ni fasiki. Huenda ni mgonjwa.

Ya nne, hasira. Watu wa nyumbani wakiwa wamejifunza kumwogopa, wakichagua maneno na kuhesabu hatua zake, basi jambo halimhusu peke yake tena. Hapo kutafuta tiba si ruhusa bali ni deni, kwani madhara yamewafikia wasio na kosa.

Ya tano, kujificha. Anayekimbilia ulevi, bangi, mirungi au kamari ili asisikie yaliyo moyoni, huyo ameficha jeraha chini ya jeraha jingine.

Ya sita, ugomvi unaorudi. Mume na mke wakisuluhishwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ugomvi ukarudi ule ule kwa maneno yale yale, basi liko jambo lililo chini ambalo usuluhishi haukulifikia.

Ya saba, mtoto aliyebadilika. Mtoto mchangamfu akiwa kimya, au akianza kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au akikataa chuo na skuli, aghalabu anasema kwa mwili wake yale ambayo ulimi wake hauwezi.

Ya nane, nayo haina kungoja wiki wala siku: mtu akitamka kwamba afadhali afe, au kwamba watu wake wangepumzika kama hayupo. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Mtu wa namna hiyo asiachwe peke yake, dawa za sumu za shambani na kamba ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku ile ile. Na asiambiwe kwanza khabari za adhabu. Azuiliwe kwanza, kama azuiliwavyo anayezama, kisha mafundisho yatafuata. Vivyo hivyo asikiaye sauti ambazo wengine hawazisikii, au aonaye kila mtu kuwa adui yake, apelekwe kwa daktari bila ya kukawia.

KILA JAMBO NA MWENYEWE

Si kila dhiki ya nyumba ipelekwe kwa tabibu. Ikiwa ni khitilafu ya mume na mke, Kurani katika Sura ya Nisaa imeamrisha wapelekwe wasuluhishi wawili, mmoja katika watu wa mume na mmoja katika watu wa mke. Na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 imefuata njia iliyo karibu na hiyo, kwani shauri la talaka halisikilizwi mahakamani, ila kwa sababu maalumu, kabla ya kupita baraza la usuluhishi. Na kwa Waislamu mabaraza ya BAKWATA hufanya kazi hiyo. Ikiwa ni suali la halali na haramu, aulizwe mwenye elimu ya sharia. Ikiwa ni deni, itafutwe njia ya kulipa na kupewa muhula.

Na kabla ya yote mwili utazamwe. Upungufu wa damu, maradhi ya tezi la shingo, kifafa na hata malaria iliyopanda kichwani huweza kumbadilisha mtu tabia. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni zahanati iliyo karibu. Lakini mwili ukionekana mzima, na wasuluhishi wamefanya yao, na shekhe amesoma dua, na hali ni ile ile, hapo ndipo mahali pa tabibu wa nafsi.

Naye hufanya nini? Wengi hudhani kwamba huwa na dawa ya kulaza watu. Daktari wa akili huweza kutoa dawa ikihitajika, lakini tiba ya mazungumzo yenyewe ni hii: mgonjwa na mtaalamu hukaa faragha, aghalabu mara moja kwa wiki, kwa muda wa kiasi cha saa moja. Mtaalamu husikiliza zaidi ya anavyosema. Haamui nani mkosa. Huuliza, na kwa kuulizwa mtu huanza kuona jinsi wazo lizaavyo khofu, na khofu ikazaa hasira, na hasira ikazaa majuto, na majuto yakarudisha wazo lile lile. Kisha hupewa kazi ndogo ya kufanya katika wiki ile, kama kulala kwa saa maalumu, au kumwambia mkewe neno moja alilokuwa akilificha.

Kwamba tiba hii huwafaa watu wa nchi hizi, si jambo la kukisia. Mwaka 2002 ilijaribiwa katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda, mahali palipokuwa pamevunjwa moyo na ukimwi na umasikini. Wanaume walikaa makundi yao na wanawake yao, wakakutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi, wala si madaktari. Walipoanza, 86 katika kila mia walikuwa na huzuni ya kiwango cha ugonjwa. Walipomaliza, hawakufika 7. Katika vijiji ambavyo havikupata tiba hiyo, baada ya muda ule ule zaidi ya nusu walikuwa bado wagonjwa. Na huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafunza bibi wazee kukaa juu ya benchi nje ya zahanati wakiwasikiliza wenye mawazo mengi. Na mpango huo ukafika na Zanzibar. Mtu wa Pwani akilitazama benchi lile ataona kwamba ni baraza, isipokuwa aketiye juu yake amefunzwa kusikiliza na kuhifadhi siri.

SHUBHA NNE NA MAJIBU YAKE

Shubha ya kwanza: kwamba ni kufichua siri ya nyumba, na Mungu ameamrisha sitara. Jawabu ni kwamba sitara ni haki, na anayezipeleka khabari za mkewe barazani ametenda dhambi. Lakini haja ina hukumu yake. Tabibu wa mwili huonyeshwa mahali ambapo mwingine haruhusiwi kupaona, kwa kadiri ya haja wala si zaidi. Imamu Nawawi amezitaja sababu sita ambazo kwazo kumsema mtu asiyekuwapo si kusengenya, na katika hizo imo kutafuta msaada wa kuondoa baya na kutafuta fatwa. Na Hindi binti Utba alimweleza Mtume ubakhili wa mumewe, Abu Sufyani, naye hakumkemea bali alimjibu haja yake. Basi mtu na aseme kwa tabibu lile linalohusu tiba, na alifiche lisilohusu. Na tabibu ambaye hahifadhi amana aachwe. Na ikiwa mgonjwa ni mwanamke na tabibu ni mwanamume, mlango usifungwe, au awepo mahram wake.

Shubha ya pili: kwamba maradhi haya ni ya majini na uchawi. Kuwako kwa majini na uchawi kumethibiti, na kusomewa Kurani ni tiba isiyopingwa. Lakini kuwako kwa simba mwituni hakumaanishi kwamba kila mbuzi aliyekufa ameliwa na simba. Na iangaliwe khatari ya mganga ambaye dawa yake ya kwanza ni kulitaja jina la jirani au shangazi kuwa ndiye aliyeroga. Mgonjwa hutoka kwake na ugonjwa wake ule ule, na juu yake ameongezewa kukata udugu. Anayesomewa na aendelee kusomewa, na tabibu aendewe pia. La mmoja halimzuii mwenziwe.

Shubha ya tatu: kwamba tabibu mwenyewe huenda si Mwislamu. Mtume alipohama kwenda Madina alimwajiri Abdallah bin Urayqit awaongoze njia, naye alikuwa hajasilimu. Alimwamini kwa ujuzi wake na kwa uaminifu wake. Tabibu wa nafsi ni kiongozi wa njia vivyo hivyo. Akisema lililo jema lifuatwe, na akiamrisha la haramu liachwe hilo, wala lisiachwe lote.

Shubha ya nne ndiyo iliyo nzito kuliko zote, wala haina dalili yoyote: kwamba watu watasema. Dodoma kuna hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa zama za Waingereza katika miaka ya 1920, ambayo leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Jina lake limegeuzwa mzaha katika nchi nzima. Anayetaka kumtukana mwenziwe humwambia kwamba ametoka Mirembe. Huko Zanzibar husemwa hivyo kwa jina la Kidongo Chekundu, na Nairobi kwa jina la Mathari. Na mzaha huu una bei, na anayeilipa ni yule akosaye usingizi, ambaye angalipona kwa mazungumzo ya miezi michache, akaogopa kuonekana langoni, akangoja hata ugonjwa ukamshinda kweli. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 mtu 1 katika kila 8 duniani alikuwa na maradhi ya namna hii. Kwa hesabu hiyo, katika safu moja ya msikiti yenye watu wanane anaweza kuwamo mmoja. Anayetoa mzaha barazani na ajue kwamba huenda anayemfungia mlango wa tiba ni ndugu yake aketiye ubavuni pake, akicheka pamoja naye.

KHATIMA YA MFANO

Yule mtu wa Haneti alimwendea imamu wa msikiti akamwomba kombe. Imamu akamsomea, kisha akamwuliza: "Tangu lini hulali?" Hapana aliyekuwa amemwuliza hivyo. Yule mtu akataka kusema Alhamdulillahi, neno likamkwama kooni, akalia mbele ya mwanamume mwenziwe kwa mara ya kwanza tangu alipozikwa baba yake. Imamu alimwacha alie. Alipokwisha alimwambia: "Bwana, niliyoweza mimi nimekwisha kuyafanya. Lililobaki lina wenyewe. Siku ya Jumatatu nina safari ya Dodoma, tutakwenda pamoja, na ukitaka nitakungoja nje."

Walikwenda. Mbele ya lango alisimama, akafunika uso kwa kilemba, akataka kurudi. Imamu hakumvuta, alitangulia kuingia. Tangu hapo kila alipokwenda mjini kutafuta bidhaa alipitia na huko.

Tiba ile haikuleta mvua. Deni halikufutika, bali alikwenda kwa tajiri wake akamweleza ukweli, jambo aliloliogopa miezi sita, akapewa muhula. Waislamu wa Haneti nao walikumbushwa kwamba wenye madeni wametajwa katika wanaostahiki zaka, kwani liko fungu la dhiki ambalo haliponi kwa maneno bali kwa mali, na mwenye mali asimpeleke mwenye njaa kwa tabibu wa nafsi. Mkewe alikwenda kwao Pangani, kisha wasuluhishi wawili wakakaa. Na safari hii mume alikuwa na la kuwaambia, kwa sababu alikuwa amekwisha kulijua. Usiku huamka bado mara moja moja. Lakini akiamka husimama, hutawadha, na akingoja alfajiri huingoja ameketi juu ya msala. Na yule mtoto wa kati, aliyemwaga mafuta, amerudi kukaa dukani na baba yake jioni, akimpimia sukari.

Mwenyezi Mungu awaponye Waislamu maradhi ya miili na ya nafsi, awape waliotahiniwa subira iliyo ya kweli, awape na ujasiri wa kutafuta dawa pale ilipo, na azizuie ndimi za wanaowacheka. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko kwenye tawfiki.